Kichwa Kimerudi? Tuonyeshe Vidonge Kwanza

Wiki hii tena sisi tunaotuliza maumivu ya kichwa kwa kubonyeza tumeitwa matapeli. Dada mmoja, karani, alilipa kikao, akalala vizuri, kesho yake jioni kichwa kikambana vilevile. Akadai pesa zake. Tulipomuuliza anameza nini, akafungua mkoba: karatasi tatu za vidonge vya maumivu kutoka kioski, mbili zikiwa za vile vyenye kafeini. Humeza kila asubuhi "kuzuia".

Sasa hapo tubonyeze nini? Kichwa cha mkazo, kile kinachobana pande zote mbili bila kupwita, kikikushika siku 15 au zaidi kwa mwezi, kwa zaidi ya miezi 3, ni sugu. Na dawa yenyewe hukizidisha: vidonge vya kawaida ukivimeza siku 15 kwa mwezi, au vya mchanganyiko wa kafeini siku 10 tu, vinaweza kuzaa kichwa kingine juu ya kile cha kwanza. Ukiviacha, siku za mwanzo maumivu hupanda, na ndipo simu za matusi huanza kuingia. (Vile ulivyoandikiwa na daktari, au vyenye kodeini, dawa kali ya maumivu, usiviache kabla ya kumwona daktari.)

Wengine hukimbilia kinyozi. Unanyolewa, unakandwa, halafu shingo inazungushwa, ka! Kijana wa bodaboda alitufikia hivyo, hawezi kugeuka. Hatukumgusa wala kumtoza; tulimpeleka hospitali. Ni nadra, lakini mshipa wa damu wa shingoni unaweza kuchanika kwa mchezo huo.

Kikao chetu cha kwanza ni shilingi 2,000. Ndiyo, Ngara, Nairobi, utapata cha 500. Lakini sisi nusu saa nzima hatujakugusa: tunapima presha, tunauliza usingizi, miwani, mto, kiti cha kazini. Ndipo dole gumba linaingia Fengchi, jina la Kichina la vile vibonde viwili chini ya fuvu, kisogoni, na kutulia hapo mpaka msuli ulegee. Kusugua-sugua si kazi. Kisha mabega, kisha Hegu, kati ya gumba na kidole cha shahada. Mjamzito hatumbonyezi hapo.

Mafuta ya mnanaa tunachanganya wenyewe, sehemu 1 kwa 9 za mafuta ya kubebea, yaani mafuta laini ya kuupunguza ukali. Ujerumani dawa ya mnanaa ya asilimia 10 hupakwa kwenye paji na panja kwa kichwa cha aina hii. Mteja wetu mmoja aliona tunampunja, akanunua chupa ya mtaani, akajipaka matupu. Alilia ndani ya matatu hadi Githurai. Chai ya tangawizi tunakupa kwa sababu ni tamu na hutuliza tumbo. Anayekuambia inang'oa kichwa sugu peke yake anauza tangawizi.

Kichwa cha ghafla kisicho na mfano, homa na shingo ngumu, mkono kulegea au ulimi kuwa mzito: hospitali moja kwa moja, usipitie kwetu.

Vikao vinavyofuata ni 1,200. Njoo na vidonge vyako vyote, hata vya kwenye droo ya ofisi.