Mama naye aulizwe anapompeleka mtoto kliniki

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wanaosimamia kliniki za mama na mtoto jijini Dar es Salaam. Mama humpeleka mtoto kuchanjwa akiwa na wiki 6, 10 na 14, kisha akifikisha miezi 9 na 18. Kila safari mtoto hupimwa uzito, kadi hujazwa, na mama huondoka bila kuulizwa kama mkojo humtoka anapokohoa, anapocheka au anaponyanyua ndoo ya maji.

Mimi ni mkunga mstaafu, na ninajua kwamba asipoulizwa hasemi. Atavaa pedi mwezi mzima, atakunja khanga na kuikalia ndani ya daladala, ataacha kwenda kwaya, au atakosa utulivu katika sala akihofia udhu kutenguka. Wengine hujinyima maji ya kunywa, na katika joto la jiji hili wanajiumiza bure, kwa kuwa mkojo mzito hukichokoza kibofu na haja huzidi kuwasumbua. Cha kupunguza ni chai ya rangi na kahawa.

Shoga zake humwambia kwamba ndiyo uzazi, atazoea. Sikubaliani nao. Mimba na kujifungua hulegeza misuli ya sakafu ya nyonga, ile inayoshikilia kibofu na kufunga njia ya mkojo, na misuli hiyo inaweza kuimarishwa kwa mazoezi, ambayo daktari Arnold Kegel wa Marekani aliyaandikia tangu mwaka 1948. Mama hukaza kama anayezuia upepo usimtoke mbele ya wakwe, hushikilia kwa sekunde chache, huachia kabisa, kisha hurudia. Angalau mara 8 kwa mkupuo mmoja, mikupuo 3 kwa siku, kwa muda usiopungua miezi 3. Mapaja na makalio yatulie, na pumzi isibanwe. Wengi niliowafundisha walianza kwa kukunja uso na kubana kila kiungo isipokuwa panapotakiwa, na ndiyo maana maelekezo ya mtu aliyesomea yanahitajika mwanzoni. Baada ya hapo hakuna ada wala ukumbi. Foleni ya Mbagala inatosha, na abiria wa jirani hatajua lolote.

Wapo ambao haja huwashika ghafla wasifike chooni. Hao wapimwe kwanza maambukizi ya njia ya mkojo na kisukari, kisha wafundishwe kukizoesha kibofu kwa kuchelewesha haja kidogo kidogo kwa wiki 6 au zaidi. Ikishindikana, dawa zipo.

Fistula ni jambo jingine, ingawa mitaani watu huyachanganya. Hiyo ni tundu kati ya kibofu na uke, litokanalo mara nyingi na uchungu uliokaa muda mrefu bila msaada, na mkojo hutiririka usiku na mchana. Mazoezi hayazibi tundu. Mwenye dalili hizo asipotezewe muda, apelekwe kwa wataalamu wa upasuaji. Hospitali ya CCBRT pale Msasani imekuwa ikiwatibu wanawake hao bila malipo.

Ombi langu kwa waganga wakuu wa manispaa ni dogo. Elimu ya afya inayotolewa asubuhi, kabla mizani haijaanza kazi, itenge dakika chache kwa mazoezi haya, na muuguzi anayejaza kadi ya mtoto amuulize mama swali hilo moja na kuandika jibu lake. Wenye shida waonwe tena baada ya miezi 3, na wasiopata nafuu wapewe rufaa. Swali lenyewe liulizwe ndani ya chumba, mlango ukiwa umefungwa, kwa sababu pale kwenye benchi, mbele ya mama mkwe na majirani, jibu litakuwa "sina tatizo" kila siku.

Mkunga mstaafu,
Mbagala, Dar es Salaam