Kwa Nini Hatuanzi Uingereza Tunapotafuta Nasaba ya Familia Iliyohamia Marekani

Wateja wengi wanaotuletea kazi ya kutafuta nasaba ya Kiingereza huja na ombi moja: tufungue madaftari ya makanisa ya Uingereza, tulitafute jina la ukoo, kisha tuwatajie kijiji walikotoka wazee wao. Baadhi yao ni Waswahili wanaoishi Marekani waliooa au kuolewa huko, nao wanataka watoto wao waujue ukoo wa upande wa pili kama wanavyoujua ule wa Lamu au Tanga. Tunaliheshimu sana ombi hilo, lakini huwa tunaomba subira, kwa sababu kazi hii huharibika pale mtafiti anapovuka bahari kabla hajamtambua mhamiaji mwenyewe kwa nyaraka za Marekani.

Ukoo wa Abraham Lincoln, aliyekuwa rais wa Marekani, unaonyesha jambo hili waziwazi. Mwaka 1859, alipoombwa aeleze historia yake, Lincoln aliandika kwamba babu yake, ambaye naye aliitwa Abraham, alihamia Kentucky kutoka Virginia mnamo 1781 au 1782, na kwamba wazee wa babu huyo walikuwa Wakweka, yaani wafuasi wa dhehebu la Kikristo la Quaker, waliotoka Kaunti ya Berks, Pennsylvania. Aliongeza kwamba jitihada za kuwahusisha na akina Lincoln wa New England, eneo la kaskazini-mashariki mwa Marekani, zilikuwa zimeishia kwenye kufanana kwa majina tu, kama vile Enoch, Levi na Mordecai. Kwa maoni yetu alifanya vyema kuishia hapo, kwa kuwa majina yanayofanana ni dalili ya kufuatiliwa wala si ushahidi.

Kiungo hicho cha New England kilikuja kuthibitishwa baadaye kwa kufuata nyaraka kizazi kwa kizazi. Babu wa rais alikuwa mwana wa John, aliyehamia Virginia kutoka Pennsylvania. John alikuwa mwana wa Mordecai, aliyepitia New Jersey kabla ya kufika Berks. Na Mordecai huyo alikuwa mwana wa Mordecai mwingine, mfua chuma wa Massachusetts huko New England, ambaye baba yake, Samuel Lincoln, aliwasili kutoka Uingereza mwaka 1637 na kukaa Hingham ya Massachusetts, mji uliopewa jina la Hingham ya Norfolk, kaunti ya Uingereza, kwa sababu wakazi wake wengi wa mwanzo walitoka huko. Katika mji huo mdogo wa Massachusetts walikuwapo wanaume wanne walioitwa Thomas Lincoln, na majirani waliwatofautisha kwa kazi zao: mfumaji, msagaji, mtengeneza mapipa na mkulima. Mtu anayefika hapo akiwa na jina peke yake anaweza kumchukua Thomas asiye wake na kuwarithisha wajukuu ukoo wa watu wengine.

Samuel alisafiri akiwa mwanagenzi wa Francis Lawes, mfumaji wa Norwich. Orodha ya abiria inampa umri wa miaka 18, ilhali daftari la kanisa la Hingham ya Norfolk linaonyesha kwamba alibatizwa Agosti 1622, yaani alikuwa hajatimiza miaka 15. Tofauti kama hiyo haimwondoi mtu kwenye nasaba wala haifumbiwi macho. Hupimwa kwa kuangalia ndugu, majirani na wosia. Wosia wa babu yake, Richard Lincoln wa Swanton Morley, ulimwachia baba wa Samuel sehemu ndogo tu ya mali, na hapo ndipo tunapoelewa kwa nini kijana wa ukoo uliokuwa na ardhi alipelekwa kujifunza ufumaji.

Kwa wahamiaji wa karne ya 19 ugumu ni wa aina nyingine. Sensa ya Marekani ilianza 1790, lakini hadi 1840 iliandika jina la mkuu wa kaya tu. Ni kuanzia 1850 ndipo kila mtu huru aliandikwa kwa jina, na ile ya 1890 iliharibika karibu yote kutokana na moto uliotokea Washington mwaka 1921. Orodha za abiria na hati za uraia za kabla ya 1906 mara nyingi husema “Uingereza” bila kutaja kijiji. Kwa hiyo tunawatafuta pia kaka na dada wa mhamiaji, maana kijiji kisichotajwa katika hati yoyote ya mhamiaji mwenyewe huenda kimechongwa kwenye kaburi la kaka yake au kimetajwa katika tanzia ya dada yake.

Tukishakuwa na kijiji, ndipo tunapoingia Uingereza, ambako vyeti vya serikali vya kuzaliwa, ndoa na vifo vilianza Julai 1837 na madaftari ya parokia yaliamriwa mwaka 1538. Hapo nako hatutosheki na ubatizo. Tunasoma maziko pia, kwa sababu mtoto mwenye jina linalofaa aliyezikwa akiwa na miaka miwili hawezi kuwa ndiye aliyepanda meli. Tunasahihisha tarehe vilevile: kabla ya 1752 mwaka wa Kiingereza ulianza tarehe 25 Machi, hivyo ubatizo ulioandikwa Februari 1640 kwa hesabu yetu ni wa 1641.

Tunawaomba wateja watuletee pia nasaba walizozipata kwenye intaneti, ila tunazichukua kama fununu tu. Gustave Anjou, aliyefariki mwaka 1942, aliziuzia familia tajiri za Marekani nasaba za kughushi zilizowaunganisha na mabwana wa Uingereza, na kazi zake zingali zikinakiliwa.

Malipo yetu ni kwa hatua. Hatua ya kwanza inahusu Marekani peke yake, na ripoti yake huonyesha kila kiungo pamoja na hati inayokithibitisha, huku viungo visivyothibitika vikiandikwa hivyo bila kuficha. Kwa kuanza, tupatie jina la mzee wa zamani kabisa unayemjua, mahali alipofia, na nakala za barua, Biblia ya familia na picha, ukipiga picha upande wa nyuma pia, ambako mara nyingi ndiko kulikoandikwa majina.