Nikusanyie vizibo ndugu yangu

Oya Mwalimu (maana kwangu utabaki mwalimu hata uuze bia mpaka uzeeke),

Salama huko? Shemeji na watoto wazima? Huku tupo, mvua imegoma, Babu Chuma anakusalimia na bado anadai jeki yake. Najua nimekaa kimya sana na sasa naibuka na shida, ndo mimi huyo, ila shida yenyewe haina hela ndani: nataka vizibo vya soda. Hapo grosari si unavifagia kila asubuhi unatupa?

Iko hivi. Mwaka huu nimepewa darasa la pili, watoto 88, na tumefika kuzidisha. Tebo wanaimba hao acha kabisa, tatu moja tatu, tatu mbili sita, mpaka mwisho bila kupumua. Kuna kadogo kamoja ndo kinara wa kuimba, nikakaambia nichoree 3 × 4 kwa viduara. Kakachora vitatu huku, vinne kule, kakahesabu vyote, saba mwalimu! Na sasa hivi tu kametoka kuimba tatu nne kumi na mbili, wala hakashtuki. Na si peke yake, wako wengi.

Halafu kuna kabinti kanakaa nyuma, daftari limejaa makosa, jioni kanauza nyanya na bibi yake. Nikakauliza, mafungu matano ya nyanya nne nne ni nyanya ngapi? Ishirini, palepale. Na mafungu sita ya jero jero? Buku tatu. Basi nikaweka tebo pembeni tukaanza mafungu kwa mawe. Tabu ikawa kwenye usawa, mtu anaweka mawe matano hapa, mawili pale, anakwambia nina mafungu mawili. Nikawauliza, sokoni ukikuta fungu moja lina nyanya nne na jingine tatu, yote jero, unachukua lipi? Darasa lililipuka we! Tangu hapo wanakaguana wenyewe, "mwalimu huyu anatuibia!" Hata sifuri imepita bila kelele, visahani vitano vyote vitupu, jumla ngapi? Wakacheka tu, hamna kitu.

Kuna mtu hapa ofisini ananiambia napoteza muda, kwenye mtihani hakuna mawe. Mi tebo siikatai, wataikariri, lakini aliyeyaona mafungu akisahau tatu saba anajua pa kuanzia, anachukua kumi na nane anaongeza fungu moja la tatu. Asiyeyaona anarudi kuimba toka mwanzo, na akijikwaa katikati... ah, we unajua, ulifundisha.

Sasa mawe yanarushwa, sitaki kusema zaidi. Ndo maana nataka vizibo. Nitawakalisha wanne wanne, kila kundi vizibo 24, kwa sababu 24 ukiipanga mbili mbili inaisha, tatu tatu inaisha, nne nne, sita sita, nane nane, hamna kinachobaki. Makundi 22 mara 24 ni 528, we niwekee kama 550 maana vingine lazima viwe magurudumu ya magari ya waya. Vya bia pia napokea ila uvioshe jamani, mzazi akinusa begi la mwanae nitaeleza nini? Na trei tupu za mayai kama zipo nirushie mbili tatu, nataka waone mistari mitano ya sita sita, ukiigeuza upande inakuwa sita ya tano tano na mayai ni yaleyale 30.

Vinaweza kupatikana lini? Utampa kondakta au nimsubiri Shukuru akija? We darasa la pili ulikuwa unaanzia wapi, mafungu au kujumlisha kwa kurudiarudia? Na walikuwa wanakuelewa? Mwanao wanamfundishaje huko, naye anaimba tu? Halafu ile ya Mama Tausi ni kweli au maneno ya watu?

Jibu basi, usiniachie tiki za bluu.

Ni mimi, jirani yako wa bwenini