Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Mzigo Ulioshushwa Serikalini Umetua Kwetu

Ndugu wanachama,

Nawasilisha kwenu taarifa ya kazi za chama kwa mwaka unaoisha. Hesabu atazisoma mweka hazina na zimeshapitiwa na mkaguzi, hivyo sitazirudia. Vikao vya kamati vilikaa kwa ratiba, isipokuwa kimoja kilichokosa akidi. Ada zimechelewa kulipwa kuliko miaka ya nyuma, na sababu ya kuchelewa huko ndiyo itakayochukua sehemu kubwa ya maneno yangu.

Mfuko wetu wa dharura uliwekwa kwa ajili ya mambo ya ghafla: msiba, ugonjwa, nyumba kuungua. Mwaka huu umelipa kodi za nyumba, nauli za kwenda kwenye usaili na madaftari ya watoto. Ukisoma barua za maombi, karibu zote zinasema jambo moja: posho ya wasio na ajira imepunguzwa au imesitishwa, na kazi haipatikani.

Serikali inapokata posho wakati ajira ni adimu, haja ya mtu haikatwi pamoja nayo. Inahama. Kwanza inakwenda kwa mama mzee mwenye pensheni, kisha kwa kaka aliyebaki kazini, kisha kwa mwenye nyumba anayesubiri kodi ya mwezi wa tatu, na mwisho inabisha hodi kwetu. Kwenye vitabu vya hazina panaandikwa kwamba fedha zimeokolewa. Nyumbani kwa watu hakuna kilichookolewa; deni limebadilisha mdaiwa tu.

Niwape mfano wa mwanachama mmoja, kwa ridhaa yake na bila jina. Ni mama aliyepita miaka hamsini, alipunguzwa kazi baada ya kuitumikia muda mrefu. Alikuja na mfuko wa plastiki uliojaa nakala za barua za kuomba kazi. Nyuma ya kila nakala aliandika kwa kalamu ya wino tarehe aliyoipeleka na nani aliipokea, mlinzi au karani. Posho yake ilisitishwa kwa sababu maombi hayo hakuyaingiza kwenye mfumo wa kompyuta. Dirishani waliambiwa kwamba karatasi hazihesabiki; nasema “waliambiwa” kwa kuwa katibu wetu alikuwa amesimama naye. Tulikata rufaa na posho ikarudishwa. Katika wiki zile za katikati, binti yake alisimamisha masomo ili afanye kibarua, na hadi leo hajarudi darasani. Uamuzi wa rufaa hauna kifungu cha kumrudisha.

Mashauri ya namna hii ndiyo kazi tuliyoifanya vizuri zaidi. Mtu akisindikizwa dirishani na mwenzake anayejua kanuni, majibu hubadilika, wakati mwingine papo hapo. Nawashukuru waliojitolea. Wanaonipa wasiwasi ni wale ambao hawaji. Wamechoka kuulizwa maswali yale yale, wakaacha kuomba. Kwenye takwimu watu hao wanaweza kuonekana kama wametoka kwenye utegemezi.

Katika kamati ulizuka mvutano ambao ni haki yenu kuujua. Baadhi ya wajumbe walitaka mfuko uwe unatuma watu nyumbani kwa mwombaji kuangalia kama kweli hana kitu. Nilipinga, na bado napinga. Uingereza ilifanya hivyo mwaka 1931, wakati mamilioni hawakuwa na kazi. Serikali ilikata posho kwa asilimia 10, kisha ikaweka utaratibu wa kupima kipato cha nyumba nzima kwa waliomaliza haki yao ya bima ya kukosa kazi. Wakaguzi waliingia majumbani na kuhesabu mshahara wa kijana, pensheni ya babu, hata akiba ndogo. Kijana akipata kazi, posho ya baba ilishuka. Wapo vijana waliohama kutoka kwa wazazi wao ili wazee wasinyimwe. Mkato ule wa asilimia 10 ulirejeshwa mwaka 1934, lakini chuki dhidi ya ukaguzi ule ilidumu miaka mingi baadaye. Sisi ni chama cha kusaidiana. Kazi ya kufunua sufuria za wenzetu hatukuiomba.

Hoja nyingine niliyoisikia, hata miongoni mwetu, ni kwamba posho zinalemaza watu. Tuipime kwa yaliyotokea. Marekani, katikati ya mwaka 2021, karibu nusu ya majimbo yaliondoa mapema nyongeza ya posho iliyotolewa wakati wa korona, kwa maelezo kwamba watu wangerudi kazini. Watafiti waliofuatilia akaunti za benki za waliokatiwa waliona kwamba wachache tu walipata kazi katika wiki zilizofuata, na matumizi ya familia yakashuka. Ugiriki ilipunguza posho ya wasio na ajira mwaka 2012 kutoka takriban euro 461 kwa mwezi hadi 360. Mwaka uliofuata wasio na kazi walikuwa zaidi ya robo ya nguvukazi yote. Uvivu haupandi namna hiyo kwa taifa zima kwa mpigo. Na mwaka 2013 huo huo, wachumi wawili wa Shirika la Fedha la Kimataifa, Olivier Blanchard na Daniel Leigh, walionyesha kwamba makadirio ya wataalamu yalikuwa yamepunja madhara ya kubana matumizi kwa uchumi wa Ulaya.

Kuhusu huko kulemaa, tuitazame Marienthal, kijiji cha Austria kilichotegemea kiwanda kimoja cha nguo. Kiwanda kilifungwa, na watafiti wakakaa kijijini kuanzia mwishoni mwa mwaka 1931. Walikuta maktaba imefuta ada, watu wana muda tele, na bado vitabu vilivyoazimwa vilikuwa vimepungua karibu nusu. Walipima hata mwendo wa wanaume barabarani, ulikuwa umepungua. Waliona pia kwamba kadiri fedha za familia zilivyozidi kupungua, ndivyo hali ya moyo ilivyozidi kuzorota. Kwa hiyo anayekata posho ili kumtia mtu ari anaondoa kile kile kilichokuwa kimemshikilia. Nimeyaona haya kwenye mikutano yetu: wanachama waliokuwa wakizozana nami kila mwezi sasa wanakaa nyuma na kuondoka kabla ya mengineyo.

Sasa pendekezo. Mfuko wetu hauwezi kuwa bajeti ya pili ya ustawi wa jamii, na tukiendelea kuziba pengo kimya kimya tunasaidia kulificha. Kamati inawaombeni mpitishe azimio kwamba kila msaada utakaotolewa uandikwe sababu yake: posho imekatwa kwa kanuni ipi, tarehe gani, na familia iliachwa na nini mkononi. Majina yatabaki kwa katibu. Muhtasari utapelekwa kwa wabunge na kwa wizara kila robo mwaka, tukidai posho isipunguzwe wakati ajira hazijarudi, na isisitishwe kabla rufaa haijasikilizwa. Najua wapo mtakaosema chama kisiingie siasa. Jambo hili lilikwisha kuingia chamani lenyewe, kupitia barua za maombi.

Kamati inapendekeza pia ada zisamehewe kwa wanachama waliokatiwa posho, na wasipoteze haki ya kupiga kura. Hili linahitaji theluthi mbili ya kura, kwa hiyo naomba msitoke kabla ya kipengele cha saba cha ajenda. Nafasi ya makamu mwenyekiti iko wazi. Fomu ziko kwa katibu.