Mgongo usiopona upimwe kifua kikuu

Mhariri,

Hapa Kigoma mgongo ukiuma, lawama ya kwanza ni mizigo. Si ajabu: dumu la lita 20 la mawese lina kilo 18 hivi, na wapo wanaoyabeba Kibirizi tangu alfajiri. Lakini mgongo wa mizigo huja ghafla, hutulia ukilala, na kwa wengi huisha ndani ya wiki sita hata bila sindano.

Wa kuogopa ni ule unaokuja polepole, mwezi wa pili, wa tatu, unauma hata usiku, na mgonjwa anatoka jasho na kukonda. Huo huenda ni kifua kikuu cha uti wa mgongo. Vimelea hufika kwa njia ya damu, hula sehemu ya mbele ya pingili (mfupa mmoja wa uti wa mgongo) mpaka ibonyee, na nyuma kigongo huchomoza. Usaha nao huweza kuteremka hadi kwenye kinena ukafanya uvimbe usio na joto, watu wakadhani ni ngiri.

Kumpima mtoto, dondosha sarafu, mwambie aiokote. Mwenye ugonjwa hainami: huchuchumaa, mgongo umenyooka kama ubao, mkono umeshika paja. Kisha gonga pingili mojamoja kwa ncha ya kidole; atakaposhtuka ndipo pa kupigwa picha.

Makohozi yasiyoonyesha vimelea hayatoshi kumwachia mgonjwa aende, maana wengi mapafu yao hayana kitu. Eksirei ipigwe ya mbele na ya ubavu, na hata hivyo huchelewa: hadi ionyeshe, pingili imeshapoteza kama theluthi ya mfupa. MRI, kipimo cha picha kwa sumaku, huona mapema. Usaha ukinyonywa, upimwe kwa GeneXpert, mashine inayotafuta vinasaba vya vimelea vya kifua kikuu.

Dawa ni bure: aina nne kwa miezi miwili, kisha aina mbili, jumla miezi 9 hadi 12. Mkojo wa rangi ya chungwa unatokana na rifampisini, mojawapo ya dawa hizo, hauna neno. Tatizo ni kwamba maumivu hutulia mapema, mfupa bado mbovu, na mgonjwa anaacha dawa.

Wenye maduka ya dawa, tunawaomba deksamethasoni, sindano ya kushusha uvimbe, isichomwe ovyo. Mgonjwa hurudi nyumbani anacheka, kumbe kinga imeshushwa na vimelea vinaendelea kula. Na wanaokanda, mgongo wenye kigongo msiuguse. Mfupa uliooza husukumwa ukabana neva. Miguu ikilegea au mkojo ukiziba, ni hospitali siku hiyohiyo, mgonjwa akiwa amelazwa chali juu ya ubao, si kwa bodaboda.

Matabibu,
Ujiji, Kigoma