Mbona hatukupi goldifishi siku ile ile unayonunua tangi

Zikikaribia sikukuu tunaulizwa suala hili karibu kila siku. Mtoto keshapewa mkono wa Idi, kaja na baba yake dukani, keshamuona goldifishi mwekundu mwenye mkia mpana anaupepea, anataka aondoke nae leo leo, halafu sie tunamwambia baba mtu chukua tangi, chukua filta ya kusafishia maji na majani ya kuweka ndani, samaki njoo umfate baada ya wiki tatu nne hivi. Wengine wanakasirika na tunawaelewa kabisa, mtu kaja na pesa yake mkononi unamwambia asubiri. Basi leo tumekaa tulieleze hili jambo vizuri mpaka lieleweke maana wanaoumia ni samaki na watoto wanaolia.

Watu washaamini goldifishi ni samaki dhaifu, hadumu, wiki mbili kafa. Si kweli. Akitunzwa anaishi miaka 10 mpaka 20, na kuna mmoja huko Uingereza akiitwa Tish, watu walimpata kama zawadi kwenye mchezo wa maonesho mwaka 1956 akaja kufa 1999, yaani miaka 43 ndani ya maji. Kwahiyo ukiona wako kafa ndani ya wiki mbili usiseme samaki mbovu, angalia maji.

Iko hivi. Goldifishi anakula sana na anachafua sana, na uchafu mbaya zaidi huuoni kwa macho. Kila anapopumua anatoa amonia kwenye mashavu yake, chakula kilichobaki kikioza kinatoa amonia, kinyesi nacho vivo hivo. Amonia inamuunguza mashavu, unamuona anahemea juu ya maji, anabana mapezi, anajilaza chini pembeni, baadae michirizi ya damu kwenye mkia. Kwenye tangi lililokomaa kuna bakteria wazuri wanaokaa kwenye sponji ya filta na kwenye mchanga, kundi la kwanza linaigeuza amonia kuwa nitriti ambayo nayo ni sumu, kundi la pili linaigeuza nitriti kuwa nitrati, na hii nitrati haina ukali mkubwa, majani yanaila na iliyobaki unaitoa ukibadilisha maji. Tangi jipya halina bakteria hao. Liko safi linang'ara, maji kama kioo, na ndo hatari zaidi kuliko lile la jirani lenye ukoga kidogo kwenye pembe.

Sasa hapa kwetu Unguja na Pemba mambo yanakuwa mazito zaidi kwa sababu mbili. Ya kwanza maji yenyewe. Maji mengi ya Unguja yanatoka chini kwenye mawe ya matumbawe, yana chokaa, angalia birika lako la umeme ule weupe ulioganda chini utaelewa nnachosema. Chokaa hiyo yenyewe haimdhuru goldifishi, tena anaipenda, lakini maji ya namna hii pH yake, kile kipimo kinachoonesha maji yana asidi au hayana, iko juu na amonia kwenye pH ya juu inakuwa kali, kutoka pH 7 kwenda 8 ile sehemu yenye sumu inazidi karibu mara kumi. Ya pili joto. Goldifishi ni samaki wa maji ya baridi baridi, anajisikia vizuri kwenye digrii 18 mpaka 24, sasa wakati wa kaskazi, Januari na Februari, tangi ukumbini linafika 29, 30, na joto nalo linaongeza ukali wa amonia, halafu maji ya moto hayashiki hewa, kwenye digrii 20 lita moja inabeba oksijeni kama miligramu 9, ikifika 30 inashuka kwenye 7 na nusu. Samaki anahitaji hewa zaidi na maji yanampa hewa kidogo. Kwahiyo kitabu cha Ulaya kikikwambia weka heater wewe achana nacho, huku hata kidogo haihitajiki.

Basi tunachofanya ni kulikomaza tangi kabla samaki hajaingia. Unalijaza maji, unawasha filta na pampu ya hewa masaa 24, na kila siku unatia chembe mbili tatu za chakula cha samaki kioze mle ndani, hapo unawalisha bakteria. Ukija kwetu tunakukatia kipande cha sponji iliyokwishatumika kutoka matangi yetu, unakiweka ndani ya filta yako, bakteria wanahamia na muda unapungua sana, na joto letu hapo ndo linatusaidia maana bakteria hao kwenye maji ya moto wanazaana haraka. Hiyo sponji hatuiuzi, ukinunua tangi unapewa.

Utajuaje limekomaa? Kwa kupima, hakuna njia nyengine. Tunachukua maji kidogo kwenye kichupa cha kioo, tunatia matone ya dawa, tunakitikisa, tunasubiri dakika tano, halafu tunakiweka mbele ya karatasi nyeupe. Kwenye kipimo tunachotumia sie rangi ikibaki manjano hamna amonia, ikianza kuingia kijani ipo, na kikigeuka kijani kibichi kabisa hapo hata sekunde moja samaki haingii. Tunapima na nitriti vilevile. Zote mbili zikisoma sifuri na chakula bado unatia kila siku, njoo uchague samaki wako. Mmoja, si watatu.

Kuhusu ukubwa, mabakuli ya duara hatuuzi na hatutouza. Goldifishi wa mwili mrefu mwembamba wanafika sentimita 30, hao wanataka bwawa uani, kwa ndani tunapendekeza wale wanene kama oranda na ryukin, nao pia wanakua usidanganyike na udogo wake dukani. Tangi letu la kuanzia ni sentimita 80 kwa 35 kwa 40, yaani lita 112 ukilijaza pomoni, na lita moja ya maji ni kilo moja, ongeza kioo na mawe, kwahiyo usiliweke juu ya kabati la TV la mbao za kubandika. Tukija nyumbani kwako jambo la kwanza tunaangalia meza. La pili tunaangalia jua linapigia wapi, maana tangi karibu na dirisha linashika joto na ukoga wa kijani.

Majani sasa, hapa ndo wengi wanakata tamaa. Goldifishi anakula majani na anafukua, anavuta mchanga mdomoni, anautafuna tafuna, anautema, kutwa nzima kazi yake hiyo, kwahiyo jani lolote laini ulilolipanda asubuhi jioni linaelea. Tunayoyaamini sie ni anubiasi na javaferni, majani yake magumu na ladha haimpendezi, na hayapandwi kwenye mchanga hata, ule mzizi wake mnene ukiufukia unaoza. Unaufunga kwa uzi wa pamba juu ya kitu kizito. Mawe ya matumbawe tunayakwepa kwa sababu yanaongeza chokaa kwenye maji ambayo chokaa tayari inayo, tunatumia vigae vya chungu, vile vyungu vyetu vya udongo visivyopakwa rangi, ukivunja kimoja ukasugua kingo zisimkate samaki unapata mahali pazuri pa kufungia anubiasi, mizizi inakamata udongo wenyewe na baada ya muda uzi unaoza na jani halitoki tena. Valisneria unaweza kuijaribu pia, inapenda maji ya chokaa kama yetu, ila iwekee vigae kuzunguka shina mpaka ishike. Na seratofilamu unaiacha ielee tu juu, inakua mbio mbio na kunywa uchafu mwingi, akila kidogo sawa, itaota nyengine. Hiyo seratofilamu kama una tangi la goldifishi na unaweza kuchagua jani moja tu basi chagua hiyo. Taa masaa sita mpaka nane yatosha, ukiiacha usiku kucha unalea ukoga.

Mchanga wa pwani usitumie. Najua uko karibu na ni mweupe unapendeza, lakini ni vipande vya matumbawe na makombe na una chumvi, na fukwe zetu zishaliwa vya kutosha.

Maji ya kujazia nayo yanategemea yanatoka wapi. Ya bomba yakiwa na klorini yanaua samaki na bakteria pamoja, tia matone ya dawa ya kuondoa klorini kabla hayajaingia, au angalau yakae kwenye ndoo wazi siku nzima na pampu inapiga hewa. Ya kisima hayana klorini lakini yakitoka chini hewa yake ni ndogo, nayo yalaze usiku mmoja. Kisima cha karibu na bahari onja kwanza, kikiwa na chumvi goldifishi anaweza akavumilia kidogo ila majani mengine yatakufa. Na yale ya simtangi juu ya dari saa nane mchana ni ya moto, chota asubuhi.

Matunzo ya kila wiki ni kutoa robo ya maji kwa mpira wa kunyonya ukisafisha na uchafu wa chini, kwa tangi la lita 112 ni kama ndoo moja na nusu za lita 20, urejeshe mapya yaliyolala. Sponji ya filta ikiziba ikamue kwenye hayo maji uliyoyatoa, usiipeleke kwenye bomba wala usiikaribie na sabuni, utawaua wale bakteria tuliowangoja mwezi mzima na utaanza upya samaki akiwa ndani. Maji machafu usimwage chooni, mwagia asumini na mrehani wako uani, utaona yanavyostawi.

Chakula ndo pa kuwabana watoto. Goldifishi hana mfuko wa tumbo, kinachoingia kinapita moja kwa moja kwenye utumbo, kwahiyo ataomba siku nzima na wewe usimsikilize. Mara mbili kwa siku, kiasi anachomaliza ndani ya dakika mbili. Vile vidonge vinavyozama ni bora kuliko vya kuelea, na mara moja moja mpe njegere ya kuchemsha iliyomenywa ganda au mchicha uliotiwa maji ya moto. Chembe za boflo hapana. Ukimuona anaelea upande tumbo limejaa, mwachishe siku mbili halafu mpe hiyo njegere.

Umeme ukikatika usisubiri. Filta ikisimama masaa mengi bakteria wanakosa hewa, samaki nae pia. Tunazo pampu ndogo za betri, kama huna chukua kata, chota maji ya tangi yamimine kutoka juu, rejea rejea kila baada ya muda, na filta ikikaa usiku kucha imezimwa ikamue kabla ya kuiwasha. Kwa joto la kaskazi fungua kifuniko elekeza feni juu ya maji, inashusha digrii moja au mbili hivi na kwa goldifishi hizo ni nyingi.

Na tafadhalini sana, ukishindwa kumtunza mrudishe kwetu tutampokea bure. Usimtupe kwenye mto, kwenye chemchem wala mabonde ya mpunga, kwa ndugu zetu wa Pemba hasa, akizaliana huko anafukua na kula mayai ya wenyeji wa maji hayo na hakuna atakaemtoa.

Kwa anaetaka tumfungie tangi, mafundi wetu wanakuja nyumbani wanapima maji, wanaweka tangi na majani, wanarudi kupima mpaka lisome sifuri, ndo wanakuja na samaki, na ukitaka tuje kila mwezi kusafisha na kupogoa majani tunakubaliana bei kulingana na tangi na umbali. Kabla ya yote njoo dukani na chupa ya nusu lita ya maji ya nyumbani kwako, uandike juu yake kama ni ya bomba au ya kisima. Kupima hatulipishi.