Barua ya wazi kwa Mkuu wa Mkoa wa Mtwara: tunaomba friza, mashine baadae

Mheshimiwa, shikamoo. Mimi mwalimu wa fizikia huku Tandahimba, na ni mtoto wa wakulima wa korosho, sasa haya mambo mawili yamekutana kichwani kwangu na usingizi sipati.

Mjomba wangu kapulizia mikorosho salfa, ile dawa ya unga wa njano, tangu mimi sijaanza shule, bloa ya kupulizia mgongoni, shati kalifunga puani, jioni anarudi nyusi za njano tupu na anakohoa mpaka anashika ukuta. Mwaka jana hospitali moja, jina naliacha, walimtoa kinyama cha pafu, kadogo tu kama punje ya mchele, kikatumbukizwa kwenye fomalini, dawa ya kuzuia kisioze, kikapelekwa Dar, tukasubiri wiki sita, jibu likaja mstari mmoja: mapafu yana makovu. Makovu ya nini sasa? Salfa, moshi wa kuni, TB ya zamani? Kimya. Sisemi ni salfa, inawasha macho na koo hilo kila mtu huku analijua, ila kovu la ndani ni habari nyingine.

Kuna kitu kinaitwa spektroskopia ya Raman, kwa jina la C.V. Raman wa India aliyeigundua 1928 akapewa Nobeli 1930. Unamulika kinyama na leza ya rangi moja, mwanga karibu wote unarudi vilevile, lakini chembe moja hivi kati ya milioni 10 inarudi imebadilika rangi kidogo kwa sababu imekutana na molekuli inayotikisika, na kila molekuli ina mtikisiko wake, kama sisi tunavyosikia ngoma usiku tukiwa kitandani tunajua hii ya unyago hii siyo. Unapata mchoro wenye vilima: kolajeni inayojenga makovu, mafuta yanayozuia vifuko vya hewa visinywee, fenilalanini, kijenzi kimoja cha protini, kakilima kembamba pale kwenye namba 1003 ya mchoro. Hakuna kupaka rangi. Wengi wanatumia leza ya nanometa 785, maana ukipiga ya kijani nyama yenyewe inang'aa na kumeza vile vilima vidogo (wanafunzi wangu hapa ndo huwa wanaamka).

Haitakuambia "hii salfa", hapana. Itakuambia kolajeni imezidi wapi na mafuta yamebadilikaje, ukishalinganisha wapuliziaji wengi na wasiopulizia ndo unaanza kuona kitu.

Na mashine siombi leo. Naomba friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri pale Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini, na jenereta yake maana umeme wetu unaujua mwenyewe, ili kipande kinachobaki baada ya vipimo kigandishwe, mgonjwa akiridhia na NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, wakitoa kibali. Maana kawaida kinyama kinapitishwa kwenye spiriti na zailini, mafuta mengi yanaondoka hapo, halafu kinazamishwa kwenye nta ya parafini na nta nayo ina vilima vyake, ukija kumulika baadae unasoma mshumaa! Vikigandishwa vizuri hata chuo cha mbali kitavipima.

Mjomba hapandi tena hata ngazi ya baraza. Msimu huu bloa kachukua mdogo wangu, na barakoa yake ni lile lile shati.